Nyayo Kwenye Theluji

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: 1 Wakorintho 6:19, 20, 1 Wakorintho 9:24–27, Mhubiri 4:9, 10, Wagalatia 6:2, 5, 1 Timotheo 4:8.

Ni washiriki wachache wa kanisa wasiojua kwamba mwili unahitaji mazoezi. Kanuni za afya zimefundishwa makambini, na watoto wa Shule ya Sabato wanaweza kuzitaja kwa moyo. Hata hivyo, viatu vya mazoezi vilivyonunuliwa Januari mara nyingi huwa vimesukumwa chini ya kitanda kabla ya Pasaka. Basi swali la somo hili si kama mazoezi yanafaa. Swali ni hili: ni nini kinachomwinua mtu kutoka kitini leo, na tena kesho, wakati mwili hautaki?

Historia ya kanisa inao mfano mmoja unaostahili kutazamwa polepole. Tarehe 16 Agosti 1865 Mzee James White, akiwa na umri wa miaka 44, alipatwa na kiharusi baada ya miaka mingi ya kazi isiyo na pumziko. Nyumba yake haikuwa imekosa nuru juu ya afya. Juni 1863, huko Otsego, Michigan, mke wake Ellen alikuwa amepewa njozi kuhusu matengenezo ya afya, na mwaka uleule wa 1865 alitoa vijitabu sita juu ya jambo hilo. Maarifa yalikuwepo.

James alipelekwa Dansville, New York, kwenye taasisi ya tiba ya maji. Madaktari wa pale walishauri apumzike kabisa, mwili na akili. Ellen alithamini mengi aliyoyaona mahali pale, lakini shauri hilo hakulikubali. Aliona kwamba kadiri mumewe alivyokaa bila kazi, ndivyo alivyozidi kuuwaza ugonjwa wake. Zaidi ya mwaka ulipita na nguvu hazikurudi. Desemba 1866, ingawa rafiki zao walimwonya, alisafiri naye katika baridi kali mpaka Wright, Michigan.

Asubuhi moja theluji ilikuwa nyingi, na James akasema hawezi kutoka kutembea katika hali kama ile. Ellen hakumhubiria. Aliazima viatu vya buti kutoka kwa ndugu mwenyeji wao, akatoka peke yake, akakanyaga theluji umbali wa karibu nusu kilomita, kisha akarudi kumwita. Bila shaka angeweza kukanyaga katika nyayo zake! James alipoziona nyayo za mwanamke kwenye theluji ile, alitoka akatembea.

Soma Mhubiri 4:9, 10. Je, mafungu haya yanasema nini kuhusu mtu anayejaribu kubadili mazoea yake akiwa peke yake?

Mwaka uliofuata walikuwa na shamba huko Greenville. Wakati wa kukusanya nyasi za mifugo ulipofika, James alipanga kuwaomba majirani msaada. Ellen aliwatangulia, akawaomba wamwambie kwamba wana kazi nyingi zao wenyewe. (Kama hiyo ilikuwa hekima au ujanja, darasa linaweza kujadili.) James alisikitika sana. Ndipo mkewe akasema kwamba yeye na mwana wao Willie, ambaye hakuwa ametimiza miaka 13, wangekusanya nyasi na kuzirusha garini, ikiwa baba angezipanga na kuongoza farasi. Ghala halikuwepo, hivyo Ellen mwenyewe alipanda juu ya lundo kulijenga, na James akawa anamrushia nyasi kutoka chini. Mtu ambaye jana alikuwa mgonjwa wa kuhudumiwa, sasa alikuwa mtu ambaye bila yeye kazi isingekwenda. Nguvu zake zilirudi, akaliongoza tena kanisa, akaishi mpaka 1881.

Linganisha Wagalatia 6:2 na 6:5. Ni wakati gani kumsaidia mtu ni kumchukulia mzigo wake, na ni wakati gani ni kumnyang'anya mzigo anaopaswa kuubeba mwenyewe?

Watu wengi leo huanza mazoezi kwa sababu ya hofu. Mtu hutoka kliniki na kipimo cha presha au sukari kilichomtisha, na kwa wiki mbili hutembea kila alfajiri. Kisha kipimo kinashuka, hofu nayo inashuka, na miguu inarudi kitini. Daktari hakukosea kumwonya. Lakini hofu haina pumzi ya kwenda mbali, na kwa wengine hata hiyo safari fupi haianzi: hofu ileile inayomtembeza mmoja humlaza mwingine kitandani, akiogopa kwamba akijitahidi ataanguka. Aibu ya kuchekwa unene inafanya kazi kwa namna hiyohiyo, na huacha jeraha juu yake.

Korintho ulikuwa mji uliojua wanariadha. Karibu nao, kila baada ya miaka miwili, kulifanyika michezo ambayo mshindi alivikwa taji la majani. Paulo hadharau nidhamu ya watu wale. Anashangaa tu kwamba walijitesa hivyo kwa ajili ya kitu kitakachonyauka (1 Wakorintho 9:25). Katika sura ya 6 anaonya juu ya uasherati, si uvivu, na ni vema kukumbuka hivyo. Lakini sababu anayoitoa inaugusa mwili wote: umenunuliwa kwa thamani. Malipo yanatangulia, agizo linafuata. Anayeutunza mwili wake kwa shukrani hafanyi hivyo ili apendwe na Mungu, na siku aliyoshindwa kutoka haimwondolei upendo huo. Kesho anaweza kuanza tena bila kujificha.

Mazoezi hayaokoi, 1 Timotheo 4:8 huyaweka mahali pake. Wala dada anayelima tangu alfajiri na kuchota maji jioni hana haja ya kuongezewa mzigo kwa jina la afya. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa juma za mwendo wa wastani kwa mtu mzima, kama nusu saa kwa siku tano. Yeye hupita kiasi hicho mapema. Anayehitaji somo hili zaidi ni yule anayetoka kwenye kiti cha ofisi hadi kiti cha gari hadi kiti cha sebuleni. Mgonjwa naye amwone daktari kwanza, kisha aanze kidogo kidogo.

Maswali ya Kujadili

1. Katika darasa lenu, ni nani ambaye ameambiwa na daktari atembee na hatembei? Bila kumtaja wala kumwaibisha, ni nini mngeweza kufanya badala ya kumkumbusha tena?

2. Ellen White aliwaomba majirani wakatae kumsaidia mumewe. Je, upendo unaweza kukataa? Mipaka yake ni ipi?

3. Nani angekuwa tayari kupita kwa mwenzake kesho saa kumi na mbili asubuhi, na kugonga mlango?