Miaka 70 Inahesabiwa na Nani?

Mwezi wa 6 mwaka 2022 nilikuwa nimekaa kwenye hoteli moja ya Mhabeshi hapa Kakuma, nakunywa chai, nasubiri jua lipungue. Tivi ilikuwa inaonyesha London. Watu wamejaa barabarani, bendera kila kona, ndege za jeshi zinapita juu na kuacha moshi wa rangi. Kwenye roshani ya Buckingham amesimama bibi mmoja mdogo ameshika fimbo. Mtu wa meza ya jirani akauliza, "Kwani huyo mama amefanya nini leo?" Mwenye hoteli akamjibu, "Hajafanya kitu. Ametimiza miaka 70 kwenye kiti."

Tulicheka wote. Lakini lile jibu lilinifuata mpaka nyumbani, kwa sababu wiki ileile kwenye kituo chetu cha vijana tulikuwa na kikao. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1992, kwa hiyo nayo ilikuwa inatimiza miaka 30. Mgeni mmoja kutoka shirika fulani alileta wazo kwamba vijana tuandae sherehe: ngoma, mashairi, keki. Kikao kilivunjika bila kuelewana, na nitaeleza kwa nini huko mbele. Kwanza nataka tuliangalie swali lenyewe, maana ni lilelile London na hapa: je, kukaa miaka mingi ni jambo la kusherehekea?

Wengi wetu hatujui kwamba huo utawala wa miaka 70 ulianzia Kenya, nchi hii tunamoishi. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth alikuwa binti wa miaka 25. Yeye na mumewe walilala Treetops, nyumba ya wageni iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, upande wa Nyeri, wakitazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku huo baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki usingizini kule Uingereza. Habari ilimfikia akiwa Sagana, kwenye nyumba aliyopewa na koloni kama zawadi ya harusi. Alikuwa amekuja kama binti wa mfalme, akaondoka ni malkia. Mimi nikisoma habari hii namwonea huruma kidogo. Sisi pia tunaijua habari inayokukuta ukiwa ugenini na kukubadilisha jina siku hiyohiyo. Jana ulikuwa mwanafunzi, leo ni mkimbizi.

Sasa, wanaosema sherehe ile ilikuwa haki wana hoja, na si hoja ndogo. Elizabeth hakugombea kile kiti. Kilimfikia kwa kuzaliwa, na pia kwa sababu baba yake mkubwa, Edward wa Nane, alikiacha mwaka 1936. Lakini alipofikisha miaka 21, mwaka 1947, alizungumza kwenye redio kutoka Cape Town na kuahidi kwamba maisha yake yote, yawe marefu au mafupi, yatakuwa ya kutumikia. Halafu akaitunza ile ahadi mpaka miaka 96. Kuna mtu anayeahidi kuja kituoni Jumamosi saa nne na hatokei. Mimi nafanya kazi na vijana, naijua thamani ya mtu anayetokea. Kutokea kila siku kwa miaka 70, hiyo si bahati tu.

Tena sherehe yenyewe, ukiangalia, watu walikuwa wanasherehekea zaidi ya malkia. Siku zile nne, kuanzia tarehe 2 hadi 5 Juni, majirani walitoa meza nje, wakaziunganisha barabarani, kila nyumba ikaleta chakula. Mzee aliyemwona malkia kwenye jubilei ya miaka 25, mwaka 1977, akiwa mtoto, sasa alikuwa amekaa na wajukuu. Tarehe 3 malkia hata hakwenda kwenye ibada ya shukrani kanisani St Paul's kwa sababu ya afya, na sherehe iliendelea. Utawala mrefu ni kama ukuta ambao familia inapima urefu wa watoto kwa mkaa. Ukuta haufanyi kitu. Lakini bila huo ukuta hujui umekua kiasi gani.

Hapo niliona wivu, sitaficha. Sisi tunahesabu kwa kukimbia. Kwetu mama anasema, "Wewe ulizaliwa kabla ya kukimbia mara ya pili, dada yako baada ya kukimbia mara ya tatu." Ukuta wetu ulibaki nyuma pamoja na nyumba.

Lakini hapo pia ndipo baba anapoingia na kuniharibia wivu wangu. Yeye alisoma shule Zaire, enzi za Mobutu. Kila tarehe 24 Novemba nchi nzima ilikuwa inaadhimisha siku Mobutu alipochukua madaraka mwaka 1965. Baba alikuwa mtoto wa shule, alicheza na kuimba juani kumsifu kiongozi, saa nyingi, na asiyecheza alikuwa na matatizo. Kila mwaka ulioongezeka ulikuwa sababu ya kucheza zaidi. Ilikaribia miaka 32, mpaka Mobutu akaondolewa kwa vita mwaka 1997. Baba anasema, "Mwanangu, mimi nimecheza miaka mingi ya mtu mmoja. Ile miaka ndiyo iliyotuleta hapa." Na kabla yake alikuwepo Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji miaka 44, aliyeifanya Congo kuwa mali yake mwenyewe bila kuikanyaga hata siku moja. Kwa hiyo Mkongomani ukimwambia fulani amekaa muda mrefu, hakupigii makofi. Anakuuliza: amekaa juu ya nani?

Mwanzoni nilifikiri nimepata jibu rahisi. Nilisema: malkia ni tofauti, kwa sababu kiti chake hakikuziba njia. Mpaka siku ya jubilei, mawaziri wakuu 14 walikuwa wamehudumu chini yake. Wananchi walikuwa wanabadilisha mtawala kwa kura, yeye anabaki kama kivuli cha mwembe, watu wanakuja na kuondoka. Mobutu alikuwa mwembe na pia ndiye aliyekula maembe yote. Basi, nikasema, kudumu ni kuzuri kama hakumzibii mwingine njia.

Niliridhika na hilo jibu siku mbili. Siku ya tatu nilimweleza mwalimu mmoja Mkikuyu aliyetufundisha historia sekondari. Alinisikiliza vizuri, halafu akaniuliza, "Nyeri ni wapi?" Nikamwambia ndipo Elizabeth alipokuwa malkia. Akasema, "Ndiyo. Na ndipo alipozaliwa Dedan Kimathi."

Akanipangia tarehe. Februari 1952 malkia anaanza kutawala. Oktoba mwaka huohuo, serikali ya kikoloni inatangaza hali ya hatari Kenya kupambana na Mau Mau. Watu kwa maelfu wanawekwa kwenye kambi za kizuizini, wanapigwa, wanateswa. Mwaka 1954 ile nyumba ya Treetops inachomwa moto na wapiganaji. Mwaka 1957 Kimathi ananyongwa na kuzikwa gerezani Kamiti. Yote hayo kwa jina la taji, ingawa yeye mwenyewe hakutoa amri. Ilichukua mpaka mwaka 2013 serikali ya Uingereza kukubali kuwalipa fidia wazee 5,228, wengi wao wakiwa wameshakongoka. Mwaka 2023 mwanawe, Mfalme Charles, alikuja Kenya akasema anasikitika na kujuta kwa ukatili ule, lakini hakuomba radhi rasmi.

"Sasa," mwalimu akasema, "huyo mzee wa Nyeri naye anahesabu miaka 70. Ameanza mwaka uleule. Utamwambia acheze?"

Sikuwa na jibu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na sikuhitaji kurudi nyuma mpaka 1952. Aprili mwaka uleule wa jubilei, serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuwapeleka Rwanda baadhi ya watu waliofika kuomba hifadhi. Ndege ya kwanza ilipangwa kuondoka tarehe 14 Juni, siku 9 tu baada ya meza za barabarani kukunjwa. Ilizuiwa dakika za mwisho, baada ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kuingilia. Malkia hakuuandika huo mpango. Na wale majirani waliokula pamoja barabarani, nina hakika wengi ni watu wema. Lakini mimi mkimbizi nikitazama tivi siwezi kuacha kufikiri: mwezi mmoja, nchi moja, meza ndefu inayosema "njooni wote tukae", na ndege inayosema "nyinyi hapana". Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hata siku ya sikukuu.

Basi jibu langu la leo ni hili. Sikatai watu kusherehekea miaka mingi. Ila miaka si mali ya aliyekaa kwenye kiti peke yake. Miaka ileile inapita kwa wote, na kila mmoja ana hesabu yake. Sherehe inakuwa uongo pale inapochukua hesabu moja na kuiita ya wote. Inakuwa kweli pale inapoweza kusikia hesabu ya pili ikisomwa kwa sauti, mezani palepale, bila kumfukuza msomaji. Kama furaha yako haiwezi kuvumilia kusikia jina la Kimathi, basi hiyo furaha ni ya kuogopa.

Mtu anaweza kuniuliza: kwani lazima uharibu kila sherehe kwa maumivu? Bibi wa miaka 96 hawezi kupewa siku nne za amani? Ni swali la haki, na nimelifikiria. Msibani kwetu hatumsemi marehemu vibaya. Lakini hata msibani kuna muda mtu anasimama na kuuliza, "Kuna anayemdai marehemu?" Aliyekuwa na deni anasema mbele ya watu, familia inasikia, ndipo tunaenda kuzika. Hatufanyi hivyo kwa kumchukia marehemu. Tunataka alale vizuri. Jubilei nayo ingekuwa na muda wa swali hilo, ingekuwa kubwa zaidi, si ndogo.

Sasa nirudi kwenye kikao chetu. Kilichokivunja ni watu wawili. Wa kwanza ni mzee mmoja kutoka Sudan Kusini, aliyefika Kakuma mwaka 1992 akiwa mtoto, kwa miguu, bila wazazi. Alisema, "Mimi sichezi kwa ajili ya miaka niliyosubiri. Mnataka nikate keki ya nini?" Wa pili ni binti wa miaka 17 aliyezaliwa hapa hapa, kwenye hospitali ya kambi. Naye alisimama, sauti inatetemeka, akasema, "Mzee, kwako ni kusubiri. Kwangu ni nyumbani. Sina pengine. Nisipocheza hapa nitacheza wapi?"

Yule mgeni wa shirika alifunga daftari lake. Mimi niliyekuwa naongoza kikao nilisema tutaonana wiki ijayo, kwa sababu sikujua niseme nini. Wote wawili walikuwa wamesema kweli.

Wiki iliyofuata, baada ya yale ya malkia na ya mwalimu, niliwaomba wote wawili wafungue siku hiyo. Si sherehe kubwa, ni kwenye uwanja wetu wa kituo tu. Mzee alizungumza kwanza. Alitaja majina ya watoto aliotembea nao ambao hawakufika. Alitaja majina tu, hakuhutubia. Tulisimama kimya, hata watoto wadogo. Kisha binti akasema shairi lake kuhusu laga inapojaa maji na watoto wanavyokimbilia kucheza kando yake. Halafu ngoma ikaanza.

Sitawadanganya kwamba mzee alicheza. Hakucheza. Alikaa nyuma kwenye kiti cha plastiki mpaka mwisho, mikono kwenye magoti. Lakini hakuondoka, na ngoma ilipozidi aliniita akaniambia, "Kijana, niletee soda."

Ndugu zangu wakazi wenzangu, na nyinyi mnaofanya kazi na mashirika, kila mwaka tarehe 20 Juni tunaadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani. Tunavaa fulana, tunapiga picha, tunahesabu miaka ya huduma. Sisemi tuache. Naomba tu kabla ya ngoma tuulize lile swali la msibani: kuna anayedai? Atakayesimama, tumwache amalize. Halafu tumtafutie kiti, na soda.

Malkia Elizabeth alifariki tarehe 8 Septemba 2022, miezi mitatu baada ya sherehe yake. Nilimsikia mwenye hoteli akisema, "Basi amepumzika." Nami nikasema apumzike. Lakini hesabu ya ile miaka 70 haijafungwa. Nyeri bado wanahesabu, na sisi hapa tunaendelea na yetu.