Kifaru na Jina Lake

Kifaru wa mbugani ameanguka; kifaru cha vita kimeanguka. Jina ni lile lile, kiambishi ni kile kile cha ngeli ya KI-VI, ila kitenzi hufuata hali ya kinachotajwa. Wataalamu wa kompyuta wangeitambua tabia hii mara moja. Wao huiita polimofizimu: programu humwamuru Mfanyakazi afanye kazi, naye hutenda kwa namna ya aina yake mahususi, awe Mwalimu au Muuguzi.

Ugumu huanza pale inapohitajika kazi ambayo Muuguzi anaiweza na Mfanyakazi hana, tuseme kuchoma sindano. Uwezo umo, wala haukufutika kwa kuitwa jina pana, lakini haufikiki. Kompaila huhukumu jina, si kilichomo.

Simula 67, lugha iliyobuniwa Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, ilikabili jambo hili kwa neno la Kilatini ambalo wanafalsafa walikwisha kulitumia karne nyingi: qua, yaani kwa hali ya kuwa. Mfanyakazi huyu, qua Muuguzi, achome sindano. Dai hukaguliwa programu ikiendeshwa. Likiwa la uongo, programu husimama.

Hata hivyo mafundi wengi huliona swali la aina halisi kuwa dalili ya usanifu mbovu. Barbara Liskov alieleza mwaka 1987 kwamba kilicho mahususi sharti kiweze kushika nafasi ya kilicho pana bila kumshangaza anayekitumia. Kwa programu, hiyo ni adabu njema. Kwa watu, adabu hiyo hiyo huweza kuwa uvivu.

Achukuliwe muuguzi aliyesomea Mombasa, ambaye wakala mmoja wa London amemwandikisha kuwa mtunza wazee. Huamriwa yale tu ambayo jina hilo linaruhusu, naye huyatimiza yote. Hakuna aliyedanganya. Sheria ina haki ya kukagua vyeti, kama qua inavyokagua; dhuluma, kama ipo, imo katika kutoulizwa kabisa.

Je, hawezi kujitaja mwenyewe? Katika programu ipo mbinu iitwayo Mgeni: mgeni hubisha hodi, na kitu chenyewe humjibu kwa aina yake halisi. Ila mlango wa kumpokea mgeni huyo lazima uwe umewekwa tangu awali katika aina pana. Fomu ya wakala ina nafasi ya jina, anwani na kazi inayoombwa.