Farasi wa Tajiri na Punda wa Mchota Maji

Alituuliza ndugu mmoja katika darasa yetu ya baada ya Magharibi, hapa Sultan Hamud, suala ambalo kwanza liliwachekesha watu, kisha likawanyamazisha. Alikuwa amesikia ya kwamba katika nchi za matajiri farasi aliyeumia hutiwa ndani ya chumba cha chuma, akavutishwa oksijeni hata jeraha lake likapona. Akataka kujua: je, hiyo si israfu, nasi tunao wanadamu wanaoikosa hewa hiyo hospitalini? Tulimjibu kwa ufupi usiku ule, na jibu letu halikuturidhisha sisi wenyewe. Kwa hivyo twalirudia hapa.

Kwanza yapasa kulijua jambo kabla ya kulihukumu. Hewa tuivutayo ina oksijeni kiasi cha sehemu 21 katika 100. Ndani ya chumba hicho mgonjwa huvuta oksijeni tupu, au iliyo karibu na kuwa tupu, na hewa hukazwa hata mkazo wake ukawa mara mbili au tatu ya huu wa nje. Kwa mkazo huo oksijeni haichukuliwi na chembe nyekundu za damu peke yake, bali huyeyuka katika maji ya damu yenyewe, ikafika mahali palipovimba ambapo damu haipiti vyema. Tiba hii yajulikana sana kwa wapiga mbizi. Kisha wakatibiwa kwayo watu wenye vidonda visivyopona, kisha farasi. Kentucky, penye farasi wa mashindano, wako madaktari wa wanyama wenye chumba cha kumtosha farasi mzima, ingawa uchunguzi uliofanywa juu ya farasi bado ni mchache. Wala si tiba isiyo na hatari. Mwezi wa Februari 2012, huko Florida, farasi alipiga mateke ndani ya chumba hali ana viatu vya chuma. Ikatoka cheche, chumba kikalipuka, akafa farasi na mwanamke aliyekuwa akimhudumia.

Basi, ni israfu? Wengi katika darasa walisema ndiyo. Sisi hatusemi hivyo moja kwa moja. Mnyama aliye chini ya mkono wa mtu ana haki juu yake, na wanavyuoni wa Kishafi wameandika kuwa mwenye kukataa kumlisha hulazimishwa amlishe au amwuze, au amchinje kama ni wa kuliwa. Habari ya mwanamke aliyemfunga paka hata akafa kwa njaa, na ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, zimo katika Bukhari na Muslim, na watoto wetu wazijua. Katika habari zote mbili hapana aliyeulizwa bei ya mnyama.

Na hapo ndipo penye shaka yetu. Hatukitilii shaka chumba, twakitilia shaka kipimo. Mshipa wa mguu wa farasi wa mashindano ni mali nyingi, na mwenye mali hutengeneza mali yake. Huenda akampenda farasi wake pia. Mungu ndiye ajuaye. Lakini ikiwa huruma hupanda na kushuka pamoja na bei, basi hiyo ni biashara iliyovaa kanzu ya huruma.

Lakini tusiwacheke watu wa Kentucky. Mwaka juzi, kando ya barabara ya Mombasa, si mbali na mji wetu, lori lilimgonga punda usiku, likamvunja mguu wa nyuma. Asubuhi mwenyewe alikuja, akafungua kamba, akachukua mitungi yake ya maji, akaenda zake. Punda akabaki juani siku mbili. Nasi tulipita pale, tukaona, tukaendelea na safari. Udhuru tulikuwa nao. Hatuutaji, kwani hautoshi. Naye yule mwenyewe alitumia kipimo kile kile cha tajiri, ila bei ya punda wake ilikuwa ndogo.

Lau tungesimama, tungefanya nini? Fathul Muin, kitabu tulichosomeshwa, chaharamisha kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa kumpumzisha, na mfano wake ni punda aliyelemaa. Wamaliki wamejuzisha kwa mnyama aliyekatiwa tamaa. Kwa punda yule, pasipo daktari, sisi twaona kauli ya Wamaliki ndiyo iliyo karibu zaidi na rehema. Lakini tuwafanyie insafu masheikh zetu: kitabu kilichokukataza kumwua hakikukupa ruhusa ya kumwacha. Kimekufungia mlango wa kumtupa siku aliyoacha kukufaa, kikakubakishia kumlisha na kumtibu. Sisi tumeshika katazo, tukaliacha lile lililo nyuma yake.

Na kuna aibu nyingine. Lamu, mji wa maulamaa na wa punda, zahanati ya punda ilifunguliwa 1987 na jumuiya ya Kiingereza, Donkey Sanctuary, nayo ikatibu bure. Wageni ndio waliokuja kuosha majeraha ya kamba zetu. Kisha tangu 2016 vikafunguliwa vichinjio vya punda nchini, kimoja Machakos, jirani zetu, ngozi zikapelekwa Uchina kufanywa dawa. Punda 300,000 na zaidi walikwisha kabla serikali haijapiga marufuku mwaka 2020. Marufuku hiyo Mahakama Kuu ikaiondoa 2021, na 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuizuia biashara hiyo ya ngozi. Wakati ule punda alipanda bei, wala hatukuona kuwa alitendewa wema zaidi. Aliibwa tu zaidi.

Ndugu aliyeuliza suala lile ana punda wawili, nao huteka maji. Siku ya pili yake tulimkuta akishona gunia alilolijaza majani, la kuwekwa chini ya kamba palipochubuka. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 za maji. Akatuuliza kama mitatu haitoshi. Tukamwambia mitatu haitakaa sawa mgongoni, iwe miwili. Akasema miwili ni safari mbili za kisimani. Tukasema naam, ni safari mbili.