Mzigo Uanzie Juu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ndugu zangu Waislamu, nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, tumche Mwenyezi Mungu katika mali zetu kama tunavyomcha katika sala zetu.

Mwaka 1258 Wamongolia waliiangusha Baghdad. Haukupita muda wakawa wanaielekea Sham, na Misri nayo roho juu. Fedha za jeshi hazikutosha. Watawala wa Misri, Qutuz akiwa mbele yao, wakawaita masheikh na makadhi kuuliza: je, yafaa kuwatoza raia mali ili kugharimia vita? Aliyejibu ni Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, Shafii kama sisi, mzee aliyekwisha kugombana na watawala Damascus kabla hajahamia Cairo. Hakukataa. Alisema yafaa, lakini kwa sharti: hazina iwe imekwisha kabisa, na maamiri wauze kwanza mikanda yao ya dhahabu na vyombo vyao vya thamani, kila askari abaki na farasi wake na silaha yake, awe sawa na mtu wa kawaida. Hapo ndipo raia aguswe. Kumnyang'anya mwananchi huku amiri anang'ara dhahabu kiunoni, hapana. Ramadhani ya mwaka 658 Hijria jeshi hilo likawashinda Wamongolia pale Ain Jalut.

Fatwa hiyo huwa tunaishika kwa upande mmoja tu, ule unaowahusu watawala na mashangingi yao. Ni kweli unawahusu, na haujapungua nguvu. Lakini amiri wa siku ile alikuwa ndiye tajiri wa mji, na matajiri wa leo wengi hawana cheo. Wana maghorofa, maduka na viwanja. Wengine tuko nao hapa safu ya mbele, na Ijumaa hii nazungumza nao.

Tuanze na nyumba. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo Tanzania inakatwa kwenye LUKU, pale umeme unaponunuliwa. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni shilingi 18,000 kwa mwaka, sawa na 1,500 kila mwezi. Kodi hii ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni nani? Mpangaji. Dada anayekaanga samaki jioni, mwenye chumba kimoja na watoto watatu, anaweka vocha ya umeme na uniti zinakuja pungufu, kwa sababu amemlipia deni mtu anayemiliki nyumba tano. Serikali ilisema wakubaliane, mpangaji arudishiwe. Wangapi mmerudisha? Mimi simjui hata mmoja aliyekuja kuniambia kafanya hivyo. Tena tazameni kiwango chenyewe: kibanda cha Tandale na jumba la Oysterbay, madhali hakuna ghorofa, yote ni nyumba za kawaida. Hapo lawama si ya mwenye nyumba, ni ya aliyetunga sheria. Lakini kumwachia mpangaji hiyo 1,500, hilo ni letu.

Na mwenye fremu za biashara ana lake. Pango linakatwa asilimia 10, kodi ya zuio, itoke kwenye fungu la mwenye mali. Yeye anamwambia mpangaji: mimi nataka hela yangu kamili, mambo ya TRA utajijua. Kijana mwenye duka la simu anakaa kimya, maana akisema sana fremu anapewa mwingine.

Halafu kuna lile swali la dukani: na risiti au bila risiti? Ndugu yangu mfanyabiashara uliyesajiliwa VAT, ile asilimia 18 si fedha yako. Katoa mnunuzi, wewe umeshikilia tu mpaka uifikishe. Mama lishe akinunua sabuni anatoa asilimia hiyo hiyo anayotoa mwenye hoteli, na hana pa kuisukumia. Ukiitia mfukoni umekula amana, na sura ya al-Mutaffifin inamtishia mtu anayepima kamili anapopokea na kupunja anapotoa. Tena tazameni: mwalimu ambaye mshahara wake unazidi milioni moja kwa mwezi, kile kinachozidi kinakatwa asilimia 30 kabla hajakigusa. Muuza kiwanja anadaiwa asilimia 10 ya faida, naye kwenye mkataba anaandika nusu ya bei.

Najua jibu lililoko vifuani mwenu: sheikh, mimi natoa zaka. Mwenyezi Mungu aitakabali. Zaka ni nguzo, fungu moja katika arobaini, mali ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na kupitiwa na mwaka. Lakini haimlipii mtu madeni mengine. Foleni ya maskini mlangoni kwako mwezi wa Ramadhani haifuti 1,500 ya mpangaji wako, na huenda yumo humo kwenye foleni.

Na jibu la pili, kwamba hela zenyewe zinaliwa. Zinaliwa, ndiyo. Mtume, rehema na amani zimfikie, alimkemea hadharani Ibn al-Lutbiyya, mkusanyaji wa zaka aliyerudi na mafungu mawili, moja la Waislamu na jingine akidai ni zawadi yake. Alimwuliza kwa nini hakukaa kwa baba na mama yake aone kama zawadi zingemfuata. Wakadiriaji wa kodi mlioko hapa, hadithi hiyo ni yenu. Lakini Mtume hakusema basi zaka isitolewe tena. Anayekwepa kodi kwa hoja ya wizi mara nyingi ndiye aliyempa mkaguzi bahasha.

Basi mwenye nyumba uliyeko hapa, leo baada ya sala mpigie mpangaji wako. Pigeni hesabu tangu alipoingia, umrudishie chake, na pango la mwezi ujao usilipandishe kufidia.

Aqimus-swalaah.