Kila Umri na Begi Lake



Vijana wapendwa, leo naomba tutafakari kitu tunachokibeba kila tukisafiri lakini hatukifikirii: begi. Usicheke. Ukitaka kujua mtu anamtegemea nani, mwangalie anavyofungasha.

Ukipata nafasi, chukua Biblia yako usome kwanza Mk 6:7-13, Yn 21:15-19 na 2Tim 4:9-21. Kisha rudi hapa tuendelee.

Tuanzie stendi

Nenda alfajiri stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, ukae dakika ishirini tu uangalie abiria.

Mtoto wa miaka minne hana begi. Mkono mmoja kashika biskuti, mkono wa pili kashika kanga ya mama. Nguo zake za kubadilisha, sweta lake, maji yake, vyote viko kwenye begi la mtu mwingine. Nauli haijui. Ana swali moja tu, "Mama, tunafika saa ngapi?" Akishajibiwa, analala.

Pembeni yake kuna mwanafunzi anayekwenda bweni. Huyu ana tranka la bati lenye kufuli, ndoo, fagio na godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Hakuchagua hata kimoja. Fomu ya shule ndiyo iliyosema. Na lile kufuli lipo kwa sababu ameshajua kwamba duniani kuna wezi.

Halafu anakuja kijana wa chuo. Begi la mgongoni, chaja, pawabanki, spika za masikioni, na pea tatu za viatu kwa harusi ya siku mbili. Kuna nguo ya kanisani, nguo ya kupigia picha, na nyingine za "huwezi jua". Chakula hana, atakula njiani. Dawa hana, kwani anaumwa? Kafika dakika tano kabla ya basi kuondoka, tena anakimbia huku anaongea na simu.

Yule mama mwenye watoto wawili ana begi kubwa kuliko wote, lakini ukilifungua hukuti kitu chake. Pampasi, chupa ya uji, dawa ya homa ya mtoto, sukari na sabuni za kumpelekea bibi kijijini. Vya kwake mwenyewe ni kitenge kimoja na mswaki.

Mwisho kabisa yupo babu. Tiketi kakata juzi. Basi linaondoka saa kumi na mbili, yeye kafika saa tisa usiku. Kimfuko chake kina dawa za presha, kadi ya bima, sweta (na joto lote hili la Dar!) na rozari iliyopauka rangi. Maji anakunywa kidogo kidogo, kwa sababu anajua basi halisimami kila mahali watu wakachimbe dawa, na goti lake halimruhusu kukimbia kurudi kwenye kiti. Na tazama, hata hicho kimfuko amebebewa na mjukuu.

Umeona mzunguko huo? Safari tunaianza tukibebewa na tunaimaliza tukibebewa. Hapo katikati ipo miaka kadhaa ambayo tunajiona tunajibeba wenyewe. Wengi mnaosoma hapa ndiyo kwanza mmeianza miaka hiyo, na ndiyo miaka yenye hatari yake.

Yesu naye alitoa orodha

Katika Injili ya Marko, Bwana anawatuma wale Kumi na Wawili, wawili wawili, na anawaambia cha kubeba: fimbo, na viatu miguuni. Basi. Hakuna mkate, hakuna mkoba, hakuna pesa kibindoni, hakuna kanzu ya pili. Jamani, hii ni orodha ngumu kuliko fomu yoyote ya shule!

Kwa nini? Angalia kinachofuata. Anawaambia wakiingia katika nyumba, wakae humo mpaka watakapoondoka mahali pale. Mtu asiye na mkate lazima agonge mlango wa mtu. Asiye na kanzu ya pili lazima apokelewe usiku wa baridi. Yesu aliacha nafasi kwenye mkoba wa wanafunzi ili watu wengine waingie humo: mwenye nyumba, mpishi, jirani aliyewapa maji. Na hakumtuma mtu peke yake. Badala ya kanzu ya pili, kila mmoja alipewa mwenzake.

Sasa usiende kumwambia mama kwamba Injili imekukataza kubeba dawa ya pumu. Soma pia Lk 22:35-36. Usiku ule wa Karamu ya Mwisho Yesu anawakumbusha safari ile, anawauliza kama walipungukiwa na kitu. Wanajibu kwamba hawakupungukiwa. Ndipo anawaambia kwamba sasa mwenye mfuko auchukue, na mkoba pia. Maana yake orodha inabadilika kulingana na wakati, naye Bwana anajua hilo. Kinachotakiwa kubaki kilekile ni imani yako kwa yule anayekutuma.

Basi jiulize: vile vitu vyako vya "huwezi jua" vinatoka wapi? Vingine ni busara. Vingine ni hofu ya macho ya watu: wataniona nimerudia shati, wataniona sina viatu kama vyao. Kijana anayefungasha kwa ajili ya macho ya watu anabeba begi zito sana, na hata akifika hapumziki.

Papa Fransisko na mkoba mweusi

Julai 2013, miezi michache baada ya kuchaguliwa, Papa Fransisko alipanda ndege kwenda Rio de Janeiro kwenye Siku ya Vijana Duniani. Alikuwa na miaka 76. Watu walishangaa kumwona akipanda ngazi na mkoba wake mweusi mkononi. Wakati wa kurudi, waandishi wa habari wakamuuliza mle ndani kuna nini. Akataja: mashine ya kunyolea, kitabu cha Sala za Kanisa, kitabu cha kumbukumbu za ratiba, na kitabu kuhusu Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Akaeleza kwamba kubeba mkoba wako ni jambo la kawaida, na kwamba amezoea hivyo.

Miaka miwili baadaye alikuja kwetu, Afrika Mashariki. Novemba 2015, kwenye uwanja wa Kasarani, Nairobi, aliwaonyesha vijana vitu viwili ambavyo huwa havitoki mfukoni mwake: rozari, na Njia ya Msalaba ndogo kabisa. Mfuko wa suruali tu unatosha. Akawaambia ndivyo vinavyomfanya asipoteze matumaini.

Ila goti halikuwa na habari na Upapa wake. Mwaka 2022 ilibidi aahirishe safari ya Kongo kwa sababu ya maumivu, na watu wakaanza kumwona kwenye kiti cha magurudumu. Alipofika Kinshasa mwishoni mwa Januari 2023 alikuwa na miaka 86. Yule mzee aliyekataa kubebewa mkoba, sasa alikuwa anasukumwa yeye mwenyewe mbele ya maelfu ya vijana wa Kongo. Hakujificha. Alikwenda hivyohivyo, na aliendelea kusafiri hivyohivyo. Bwana alimwita tarehe 21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka.

Hapo ndipo naielewa ile Yn 21. Baada ya kula samaki kando ya ziwa, na baada ya kumuuliza Petro mara tatu kama anampenda, Yesu anamwambia neno la ajabu: ujanani ulijifunga mshipi mwenyewe na kwenda ulikotaka, ukizeeka utanyosha mikono, mwingine atakufunga na kukupeleka usikotaka. Mwinjili anasema alikuwa anazungumzia namna Petro atakavyokufa na kumtukuza Mungu. Halafu Yesu anamwambia amfuate.

Ndugu yangu, kubebwa nako ni kumfuata Yesu. Tena ni hatua ngumu kuliko kubeba. Ndiyo maana usimkasirikie baba akirudia swali la saa ya basi mara ya nne. Usimcheke bibi aliyefungasha siku tatu kabla. Hao wanajifunza somo la Petro, na wewe umepangiwa kukaa darasani hukohuko.

Begi la mwisho la Paulo

Mtu aliyesafiri sana katika Agano Jipya ni Paulo. Katika barua ya pili kwa Timoteo yupo kifungoni, anajua mwisho wake umekaribia. Anaomba aletewe vitu. Orodha ni fupi: joho aliloliacha Troa nyumbani kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Chini kidogo anamsihi Timoteo afike kabla ya majira ya baridi. Mzee anasikia baridi, anataka koti lake na cha kusoma. Hakuna aibu hapo. Mtakatifu ni mtu, ana mwili.

Lakini kabla ya joho ameomba watu. Timoteo aje upesi, na amlete Marko. Hapo simama kidogo. Marko ni nani? Katika Mdo 15, Paulo alikataa katakata kusafiri naye, kwa sababu huko nyuma aliwaacha njiani Pamfilia. Ugomvi ulikuwa mkali mpaka Paulo na Barnaba wakaachana, kila mmoja na njia yake. Sasa Paulo mzee anasema Marko aletwe, maana anamfaa.

Kumbe miaka ilipokwenda, Paulo alitoa kitu kizito kwenye mzigo wake. Alitoa kinyongo. Kinyongo hakina kilo, mizani ya uwanja wa ndege haikioni, lakini kinaweza kumchosha mtu miaka ishirini. Wapo watu ambao uzee umewapunguzia nguo na viatu, ila chuki ya shamba au ya mahari bado wanatembea nayo. Kupunguza mzigo hakuji kwenyewe kwa kuongezeka umri. Kunahitaji neema, na kunaanza sasa. Una Marko wako? Unamjua. Ile namba uliyoiblok, anza nayo.

Safari isiyo na begi

Ipo safari ambayo hakuna atakayefungasha. Tulikuja bila kitu na tutaondoka bila kitu, Ayubu na Paulo wote wanatukumbusha hilo. Lakini Kanisa ni Mama, na mama hamruhusu mtoto aondoke na njaa. Ekaristi anayopewa mtu anayekaribia kufa inaitwa Viatiko, neno la Kilatini lenye maana ya masurufu ya njiani. Mtoto alisafiri na biskuti ya mama. Mkristo anasafiri na Mwili wa Kristo.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana jambo hili linaumiza familia nyingi. Nyumbani kuna babu mgonjwa, watu wanaogopa kumwita padre. Wanasema tukimwita, mgonjwa atajua anakufa. Wengine wanaamini kabisa kwamba Mpako wa Wagonjwa unaharakisha kifo. Wanasubiri mpaka mzee amekata kauli, hawezi kuungama, hawezi kumeza hata Hostia. Ndipo simu inapigwa usiku wa manane.

Mpako wa Wagonjwa si wa mtu anayekata roho tu. Ni wa mgonjwa mahututi, wa mzee ambaye nguvu zinamwisha, hata wa anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa. Unampa nguvu, unamwondolea dhambi, na Mungu akipenda unamponya. Na Viatiko ni chakula: kinaletwa wakati mtu bado anaweza kula. Babu alifika stendi saa tatu kabla ya basi. Usimcheleweshee safari kubwa kuliko ile.

Na mara nyingi wewe kijana ndiye mwenye namba ya padre, mwenye bando, mwenye bodaboda ya kumfuata katekista. Wakubwa wakisitasita, sema wewe kwa heshima: "Baba, tumwombee babu Sakramenti."

Kazi ya wiki hii

1. Ukifungasha safari ijayo, toa kitu kimoja ulichoweka kwa hofu ya macho ya watu. Nafasi hiyo weka rozari, au zawadi ya mtu unayemwendea.

2. Stendi, kwenye daladala au kanisani, mbebee mzee mmoja mzigo. Muulize kwanza, usimnyang'anye.

3. Muulize mgonjwa au mzee wa nyumbani kwenu kama angependa padre aje. Akikubali, usilale kabla hujapiga simu au kumwambia mwenyekiti wa jumuiya.

Tusali

Ee Bwana Yesu, ulitubeba kabla hatujaweza kutembea. Tupe ujana wenye mikono ya kuwabebea wengine. Tuondolee vinyongo tulivyovizoea mpaka hatuvioni. Siku tutakapofungwa mshipi na mwingine, tukumbushe kwamba aliyetuita kando ya ziwa bado yupo mbele yetu. Uwe wewe masurufu yetu ya njiani, leo na katika saa ya kufa kwetu. Bikira Maria, uliyesafiri upesi milimani kwa Elizabeti ukiwa umembeba Kristo, utuombee. Amina.

Safari njema, na Mungu awabariki.