Nafuu ya Nani?

Mwaka juzi nilinunua bunduki ya upepo kwa pauni 90. Naitaja bei mapema kwa sababu makala hii inahusu bei, na mtu anayehubiri juu ya bei huku ameficha yake hafai kusikilizwa.

Naishi Uingereza, upande wa mashambani. Jirani yangu, mzee wa Kiingereza aliyevuka miaka sabini, anafuga kuku nyuma ya nyumba, na panya walikuwa wanakula chakula cha kuku kuliko kuku wenyewe. Sumu aliikataa, maana bundi akimla panya wa sumu naye anadhurika. Akaniuliza kama najua kulenga. Nikajibu, bila kufikiri sana, kwamba najua. Si nilikulia Muheza, nikimfuata mjomba wangu kwenye michungwa na bunduki yake ya upepo? Kumfuata mtu na kujua anachokijua ni vitu viwili, lakini siku ile sikuvitenganisha.

Hapa England mtu mzima hahitaji leseni kwa bunduki ya namna hii, mradi nguvu yake isizidi takribani jouli 16. Uskoti ni tofauti, huko cheti kinatakiwa tangu mwisho wa 2016. Ila duka haliruhusiwi kukutumia tu kwa posta. Sheria ya mwaka 2006 inataka ukabidhiwe uso kwa uso. Basi nikaenda dukani mwenyewe.

Muuzaji aliniuliza swali moja tu: unataka kupiga nini? Nikasema panya. Kisha, sijui kwa nini, nikaongeza, na makopo. Akanitolea bunduki ya Kijerumani iliyotumika, pauni 220. Nikaishika. Haikuwa na cha kujisifia, ila kila kiungo kilikaa mahali pake. Nikauliza bei ya ile ya pembeni, iliyokuwa ndani ya boksi lenye picha ya moto na maandishi makubwa: futi 1,000 kwa sekunde. Pauni 90. Nikalipa.

Wahenga walikwisha sema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na boksi lile lilikuwa linatembea kwa miguu yote. Baadaye nilielewa hesabu yake. Sheria imeshafunga nguvu ya bunduki. Nguvu ikishafungwa, njia rahisi ya kupata kasi kubwa ni kupunguza uzito wa risasi. Futi 1,000 zile zilikuwa za kipande chepesi cha aloi, ambacho hewa inakipunguzia kasi upesi. Ukitia risasi ya kawaida, nzito kidogo, kasi inashuka, na ni sawa ishuke, maana panya hafi kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Anakufa kwa risasi kufika pale ulipokusudia.

Na hapo ndipo fedha inapoonekana. Ndani ya bunduki kama hii kuna springi na pistoni. Ukibonyeza kifyatulio, springi inaisukuma pistoni, pistoni inabana hewa, hewa inaitoa risasi. Yote hayo yanaitikisa bunduki kabla risasi haijatoka kwenye mtutu. Kama bawaba ya mtutu imelegea kidogo, au kifyatulio kizito kama mlango wa ghala, mtikisiko huo unaandikwa kwenye shabaha. Nilijaribu kwenye karatasi. Kwa mita 10, risasi tano ziliingia kwenye duara la sarafu. Kwa mita 25, tano zile zile zilitawanyika kwenye duara la kisahani cha chai. Kichwa cha panya ni cha kadiri ya sarafu.

Nilikuwa na karatasi ile mfukoni, wallahi, jioni nilipompiga panya wa mita 25.

Nilimpata mgongoni, nyuma. Akajivuta kwa miguu ya mbele hadi chini ya banda, akilia. Nilimtafuta kwa tochi kwa nusu saa. Sikumpata. Mzee alikuwa dirishani, na nilipopita aliuliza kama nimepata. Nikamwambia, kidogo. Jibu hilo bado linaniudhi.

Usiku ule nilijaribu kujifariji kwa msemo wetu, rahisi ni ghali. Ukiutazama vizuri, msemo ule ni wa hesabu za mfukoni: nunua rahisi leo, utalipa tena kesho. Terry Pratchett, katika riwaya yake Men at Arms ya 1993, anamfanya Kapteni Vimes awaze jambo la jirani na hilo kuhusu viatu. Tajiri ananunua viatu vya dola 50 vinavyodumu miaka; maskini ananunua vya dola 10, vinaisha upesi, ananunua tena, na mwisho ametumia zaidi ya tajiri na miguu bado imelowa. Ni hoja kali juu ya umaskini, na naikubali. Lakini yeye na wahenga wetu wanadhani kitu kimoja: kwamba anayenunua rahisi ndiye atakayelipa ughali.

Mimi sikulipa chochote. Pauni 130 nilizookoa zilibaki benki. Aliyelipa tofauti ni panya, na hakuwepo dukani tulipokuwa tunapatana.

Nikaanza kuona vitu vya namna hiyo kila mahali. Fundi anayeweka nondo ya milimita 10 palipotakiwa 12, nafuu ni yake na dari ni ya mpangaji. Mwenye bodaboda anayefunga breki za bei ya chini, atakayejua ubora wake ni abiria. Tunauliza, ni bei gani? Mara chache tunauliza, nikikosea, nani ataumia?

Nilimsimulia rafiki yangu wa Tanga kwa simu. Akacheka kwanza. "Kaka, unamlilia panya? Wewe ungekuwa huku ungemwekea mtego wa gundi ukalala." Kisha akasema jambo lililonichoma. "Na hiyo falsafa yako ni ya wenye hela. Ukisema cha bei nafuu ni kosa, unamwambia maskini asijenge, asiendeshe, asiwinde. Mjomba wako je? Lile gobole lake lilikuwa la pauni ngapi?"

Halikuwa gobole, lakini hoja ilikuwa halali. Bunduki ya mjomba ilinizidi umri. Kitako kilipasuka zamani, kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Na mjomba alikosa mara chache sana. Nilikuwa nadhani ni kipaji. Nikikumbuka vizuri, nilichokuwa nakiona ni mtu anayetambaa. Alitambaa hadi akamfikia tetere kwa hatua kumi, wakati mwingine chini ya hapo. Tetere akihamia mchungwa wa mbali, mjomba alisimama, akajifuta vumbi magotini. Sisi watoto tulikasirika. "Mjomba, mpige!" Naye husema, "Pale si pangu." Mara nyingi tulirudi mikono mitupu.

Kwa hiyo rafiki yangu alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimekosea mahali pa kuliweka kosa. Halikuwa dukani. Bunduki ya pauni 90 ilikuwa ya kweli kabisa kwa mita 10, na karatasi ilinieleza hivyo. Ile ya 220 ingenisogeza labda mbele zaidi, kisha nayo ingekuwa na mwisho wake. Fedha inanunua umbali. Asiye nayo anaweza kuulipia umbali huo kwa magoti na subira, na kwa kurudi mtupu. Nilichofanya mimi ni kutolipa kwa fedha wala kwa magoti.

Ila sitaki kumkubalia rafiki yangu yote. Kuna upungufu ambao subira yako haiufikii. Nondo ikishamezwa na zege, hakuna fundi awezaye kuisogelea. Dereva anaweza kwenda polepole kwa sababu ya breki zake, hadi mtoto akatize ghafla. Pale ambapo mwenye kununua hawezi kuziba pengo kwa jasho lake mwenyewe, naona nafuu hairuhusiwi, hata kwa maskini. Na kama hawezi kumudu, swali linahamia kwa sisi tuliomwacha achague kati ya nondo nyembamba na kulala nje.

Kwa panya, pengo linazibika. Nilichomeka kijiti hatua kumi kutoka kibandani ninapokaa. Mzee aliuliza ni cha nini, nikamweleza, safari hii pamoja na habari ya panya yule. Hakusema kitu. Kesho yake nilikuta amesogeza ndoo ya chakula cha kuku hadi karibu na kijiti.

Bunduki ni ile ile. Wapo jioni wanaokuja hadi kwenye ndoo. Na wapo wanaokaa ng'ambo ya kijiti, wanatafuna, wananitazama, nami nawatazama mpaka giza linaingia.