Je, Ujira Humaliza Haki ya Mwenzi wa Kazi?

Watu wengi wadhani ya kuwa mtu akisha kulipwa ujira wake hana tena la kudai kwa mwenziwe. Husema: Amefanya, amepewa, shukrani ya nini? Na khasa husema hivi katika kazi za haraka zilizowekewa siku, ambazo kila aliyemo ana jasho usoni na hasira kifuani. Maneno haya yana sura ya uadilifu, basi yastahili kutazamwa vema kabla ya kukataliwa.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii waliligusa jambo hili katika mlango wa ijara. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj ya kuwa kazi hukadiriwa kwa muda au kwa kitendo chenyewe. Ama kuvikusanya viwili pamoja, kama kumwajiri mshoni aishone nguo hii yote kwa mchana huu, hakusihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Sababu yake ni dhahiri. Huenda nguo ikamalizika kabla ya jua kuchwa, na huenda isimalizike, na wote wawili wameagana juu ya jambo wasilolijua. Basi azingatie mwenye akili: ikiwa mafakihi waliona hatari katika nguo moja na mchana mmoja, nini hali ya reli, au ya mji mzima wa ofisi? Aliyeimaliza kazi kubwa kwa siku iliyowekwa amejitwika sehemu ya hatari ile kwa usingizi wake na afya yake, na ujira haukukadiriwa kwa hayo. Alichozidisha ni ihsani, na ihsani haina bei sokoni.

Nchi ya Ugogo ina mfano wake. Mwanzo wa mwaka 1947 Waingereza waliingia Kongwa, mashariki ya Dodoma, kwa mradi wa karanga. Hesabu yao ilikuwa ekari zaidi ya milioni 3 kwa miaka 6 na kwa paundi milioni 25. Na mwaka wa kwanza peke yake ekari 150,000. Vita vilikwisha mwaka 1945, na kwao Uingereza mafuta ya kula yalikuwa haba, basi kila jambo likawa la mbio. Matrekta mengi yalikuwa makukuu, mabaki ya vita. Mizizi ya vichaka ilivunja vyuma, nyuki wa mibuyu waliwauma watu, na udongo ule, jua likiupiga baada ya mvua, hukauka ukawa kama sakafu. Ekari zilizolimwa mwaka ule hazikufika 10,000. Mwezi wa Septemba 1947 wafanya kazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kwa ajili ya mishahara, mgomo ukaenea njia ya reli kuelekea bara, na Kongwa nako watu wakaacha kazi. Januari 1951 ilitangazwa kuwa mradi umeachwa, na hasara yake ilipita paundi milioni 36.

Si haki kusema kuwa mradi ule ulikufa kwa kukosa shukrani. Uliuawa na mvua, na udongo, na hesabu zilizopigwa mbali na wasioijua nchi. Lakini mgomo una jambo la kufundisha: wale watu hawakugoma ili wasifiwe. Walidai mshahara unaotosha. Na hapa pana mtego mkubwa, kwa kuwa wako wakubwa wa kazi ambao wakisikia shukrani ni njema huifanya badali ya fedha. Humwita mtu shujaa, humpa mkono mbele ya watu, na malipo ya saa alizozidisha hayaonekani. Shukrani ya namna hii ni dhihaka, tena ni dhulma juu ya dhulma, kwa maana yamfunga mdomo mwenye haki. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha ujira utolewe kabla jasho halijakauka. Hiyo ndiyo ya kwanza. Shukrani huja nyuma yake, wala haitangulii.

Wako tena wasemao: Kazi ikiwa ya mbio hapana wasaa wa maneno mazuri, yangoje siku ya mwisho. Hawa na waitazame siku ya Khandaki, mwaka wa 5 wa Hijra. Maadui walikuwa njiani kuja Madina, na handaki lilipasa kuwa tayari kabla hawajafika. Palikuwa na baridi na njaa. Mtume aliuchukua mchanga yeye mwenyewe, na alipoyaona mashaka ya Ansari na Muhajirina aliwaombea maghufira pale pale, udongo ungali mikononi mwao. Hakungoja handaki likamilike.

Na mwenye kushukuru si mkubwa peke yake. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kuwa serikali yahamia Dodoma, nyanda zile zimeona kazi nyingi za namna hii: majengo ya kwanza ya wizara pale Mtumba yalizinduliwa mwaka 2019, na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ikafika Dodoma mwaka 2024. Siku ya ufunguzi, popote ulimwenguni, jina lichorwalo katika jiwe ni la aliyekata utepe. Lakini mwashi ndiye ajuaye kama zege limechanganywa vema. Dereva ndiye ajuaye kama fundi alikesha kwa gari lake. Neno la mwenzi mwenye kujua, likitaja kitendo chenyewe, lina uzito kuliko hotuba ya mtu ambaye hakuiona kazi ikifanywa. Kusifu kwa jumla ni rahisi mno, na mara nyingi hugeuka kuwa kujipendekeza, nako kumekatazwa.

Limebaki suala la mtu hodari aliyemaliza fungu lake mapema. Desturi ya wasimamizi wengi ni kumwongezea fungu la aliyechelewa, naye akashukuriwa kwa mzigo. Mara ya pili hatamaliza mapema, na msimamizi atasema watu wamekuwa wavivu. Aliyepatana kazi kwa kitendo, akakitimiza, amekwisha. Na aachiwe aende akapumzike na ujira wake mzima, hata kama jua lingali juu.